Ukiandika na Kuchora Mwenyewe, Dai Haki ya Mafundi Wawili

Anayeandika hadithi za ajabu na kuzichora mwenyewe ana kazi mbili. Nalitanguliza hili kwa sababu vijana wanaonijia hapa Dodoma na madaftari yao wengi wana kipaji cha kweli, lakini karibu wote wanajihesabu kuwa mtu mmoja mwenye kazi moja. Matokeo yake nayaona kila mara. Hadithi inakuwa nyepesi kwa sababu mchoraji ana haraka ya kushika brashi. Michoro inarudiwa na kurudiwa kwa sababu mwandishi bado anabadilisha mawazo. Na siku ya mkataba, jasho la watu wawili linalipwa mara moja.

Mwandishi ndiye lazima atangulie, kwa hiyo nianze naye. Kuna dhana kwamba ukiandika fantasia hubanwi na kitu. Mimi naona unabanwa zaidi. Anayesoma hadithi ya maisha ya kawaida anajua tayari ulimwengu unavyokwenda, lakini huyu uliyemchukua mpaka nchi isiyokuwepo anakudai sheria za nchi hiyo. Nani ana uwezo? Aliupata wapi? Unamgharimu nini? Unaishia wapi? Shaaban Robert aliiweka nchi nzima angani katika Kusadikika, mwaka 1951, na huko juu akaweka baraza, waziri na mshtakiwa anayejitetea. Ajabu ile inasimama kwa sababu ina utaratibu.

Swali la mwisho, uwezo unaishia wapi, ndilo linalozaa hadithi, na jibu huhitaji kulitafuta mbali. Katika mila za Wagogo, wenyeji wa hapa Dodoma, mtemi alikuwa na dhamana ya mvua na rutuba ya ardhi, lakini ndani ya mipaka ya nchi yake tu. Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na mtemi mwingine. Sasa fikiri nchi yenyewe ilivyo: kavu, msimu wa mvua mmoja tu, Desemba hadi Aprili hivi, na kuna miaka ambayo hata mtama na uwele havifiki mwisho. Uwezo mkubwa, wenye mpaka, ambao kila mtu anauhitaji kwa wakati mmoja! Binti wa mwenye mvua akiolewa ng'ambo, anakwenda na nini? Mchungaji akivusha ng'ombe usiku kufuata wingu la jirani, amevunja sheria gani? Maswali kama hayo yanatosha kulisha vitabu kadhaa.

Sikwambii uchukue mila ya watu uibandike kwenye jalada. Kaa na wazee, sikiliza, omba ruhusa panapohitaji ruhusa, kisha buni ya kwako yenye mantiki ya namna ile. Majina ya mizimu na ya mahali wanapotambikia watu mimi siyatumii kabisa. Lakini miswada ya majoka yanayozunguka ngome za mawe zilizofunikwa na theluji inanisikitisha, hasa ikiandikwa na kijana wa Nkuhungu ambaye kila siku anaona mibuyu, majabali yaliyobebana na vumbi jekundu la Septemba. Anachokijua kwa macho na pua yake amekiacha nje ya kitabu.

Upande wa uchoraji, shule kubwa tunayo jirani. Shika barabara ya Babati, pita Kondoa mjini, nenda mpaka Kolo. Pale kuna ofisi ya mambo ya kale. Unalipa kiingilio na unapewa mtu wa kukuongoza hadi kwenye miamba. Michoro hiyo ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na mwaka 1951 Mary Leakey, mwanaakiolojia, alifanya kazi kubwa ya kuinakili. Kwetu sisi wachoraji, yafaa tuitazame kama kazi ya wenzetu. Kuna twiga, tembo na pofu kwa rangi nyekundu. Kuna watu wenye miili mirefu kupita kawaida, na vichwa vipana vinavyoonyesha nywele au mapambo. Kuna pia michoro myeupe, ambayo ni ya baadaye. Nyuso nyingi hazina macho wala mdomo, na bado unajua nani ameinama, nani anamshika nani, nani yumo katika jambo zito. Mwili ndio unaosimulia. Kijana anayehangaika miezi na kope za mhusika wake angekaa mbele ya jabali moja pale asubuhi nzima, angerudi na mkono mwingine.

(Usimwagie maji michoro ili rangi iwake kwenye picha ya simu. Maji yanaiharibu. Na kumbuka kuwa mahali kama Mungomi wa Kolo watu bado wanafanya matambiko yao. Wewe ni mgeni pale.)

Sasa mafundi hawa wawili wanakutana kwenye ukurasa, na hapo ndipo hugombana. Mwandishi huandika, "Zimwi jekundu lenye pembe tatu lilisimama mlangoni." Mchoraji naye huchora zimwi jekundu lenye pembe tatu, mlangoni. Msomaji ameambiwa kitu kimoja mara mbili. Nikipewa ukurasa wa namna hiyo, wekundu, pembe na mlango vyote namwachia mchoraji, na mwandishi namwambia aandike kile ambacho brashi haiwezi: "Lilinuka mvua." Mwezi wa Novemba, katika kijiji ambacho visima vimekauka, harufu hiyo itamfanya mtoto afungue mlango hata kama anaogopa. Harufu, sauti, muda uliopita, wazo linalofichwa, vyote hivyo ni vya maandishi. Umbo, rangi, nafasi kati ya mtu na mtu, hivyo ni vya mchoro. Ukishaigawa kazi hivyo, utashangaa ni sentensi ngapi zinaondoka bila kumuumiza mtu.

Kabla ya kuchora chochote cha kudumu, tengeneza kijitabu cha mfano. Karatasi 8 za A4, zikunje katikati, ziingize moja ndani ya nyingine, shona au piga pini: umepata kurasa 32, ambayo ndiyo idadi inayotumika sana kwa vitabu vya picha vya watoto kwa sababu karatasi kubwa za mtambo hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 8 au 16. Chora humo kwa penseli, haraka haraka, na uandike maneno mahali yatakapokaa. Kisha msomee mtoto. Angalia mkono wake unapotaka kufunua ukurasa kabla hujamaliza kusoma. Pale pana nguvu. Angalia pia anapoanza kutazama nje. Hakikisha uso wa mhusika hauangukii kwenye mkunjo, maana kitabu kikishajalidiwa pua yake itamezwa.

Mhusika naye mpe karatasi yake peke yake: mbele, ubavu, mgongo, amekaa, anakimbia, na urefu wake ukilinganishwa na wengine. Kama kichwa cha mtoto kinafika kwenye goti la zimwi ukurasa wa 5, kifike hapo hapo ukurasa wa 27. Watoto huona.

Kuhusu vifaa sina mengi. Wino mweusi na karatasi nzito vinatosha kujifunzia, na kwa riwaya za vijana michoro ya wino mweusi ina faida nyingine: kitabu cha rangi hupita kwenye wino nne mtamboni, cha nyeusi hupita kwenye mmoja, na tofauti ya gharama utaiona ukipewa bei. Ukitaka kuchora kwa kompyuta, kuna programu ya Krita, ambayo ni ya bure na ina nguvu za kutosha. Jambo la kuangalia ni rangi. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga, mtambo wa chapa hutumia wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi, na wekundu wa udongo wetu ukitoka skrini kwenda karatasini mara nyingi hupoa au hugeuka wa machungwa. Dai nakala ya majaribio iliyochapwa kabla ya kuruhusu kazi yote. Wachapishaji wengi wako Dar es Salaam, na zamani hilo lilikuwa la kupoteza siku nzima kwenye basi kwa kwenda tu. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, unaweza kwenda, ukaona rangi kwa macho yako na kurudi siku hiyo hiyo. Usikubali picha ya simu.

Haya, mkataba. Hapa naomba usome polepole.

Mchapishaji mmoja, ambaye simtaji, aliwahi kuniambia kwa upole kabisa kwamba atanilipa kwa hadithi tu, kwa kuwa michoro "ni yako mwenyewe, haijakugharimu." Nilimwuliza angemlipa mchoraji mwingine kiasi gani kwa kazi hiyo. Akataja kiasi. Nikamwambia basi huyo mchoraji ndiye mimi, na jina lake liandikwe kwenye mstari wake. Tulikubaliana. Tangu hapo mikataba yangu yote ina vifungu viwili, cha maandishi na cha michoro, kila kimoja na malipo yake na masharti yake.

Faida yake haiishii kwenye fedha za mwanzo. Mrabaha wa mwandishi, yaani fungu lake kwa kila nakala inayouzwa, hapa kwetu huwa asilimia 10 ya bei au karibu na hapo, na mchoraji mara nyingi hulipwa mara moja tu akaaga. Wewe uliye wote wawili unaweza kudai malipo ya awali kwa michoro na mrabaha kwa kitabu. Vilevile, vifungu vikitengana, mtu akitaka sura ya zimwi lako kwenye fulana au kwenye katuni ya televisheni, anajua kwamba hilo halimo kwenye haki ya kuchapa kitabu. Andikeni wazi: kitabu cha karatasi ni kimoja, cha kielektroniki ni kingine, sauti, filamu, tafsiri, kila kimoja kitajwe. Andikeni muda, na kwamba kitabu kikiisha sokoni kisipochapwa tena, haki zinarudi kwako. Na andikeni kuwa michoro halisi, yale makaratasi yenyewe, inabaki mali yako. Kumpa mtu ruhusa ya kuichapa si kumuuzia karatasi.

Sheria iko upande wako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya maandishi na ya sanaa tangu inapotengenezwa, kwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kuisajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi, kwa hiyo isajili, maandishi na michoro. Ukiamua kuchapa mwenyewe, namba ya ISBN, inayokitambulisha kitabu chako, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania.

Vitabu pekee havitakulisha mwanzoni, na hilo halina aibu yoyote. Kuta za shule za awali, mabango ya afya, michoro ya vitabu vya kiada, picha za ripoti za mashirika: mji huu umekua kwa kasi tangu serikali ihamie, na kazi hizo zipo kwa anayefika kwa wakati na kumaliza kwa wakati. Zikubali kwa bei inayokuheshimu. Ila asubuhi zangu mimi ni za mwandishi, kabla mkono haujashika rangi ya mtu mwingine, na nakushauri umtengee mwandishi wako saa zake, kwa sababu yeye hana mteja wa kumpigia simu kuuliza kazi imefikia wapi.

Mswada ukiwa tayari, kuna milango miwili ya tuzo inayostahili kugongwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 13, 2023, ikimpa mshindi wa kwanza shilingi milioni 10. Nyingine ni Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo hushindanisha miswada ambayo haijachapishwa, na riwaya za picha zimo kati ya aina inazozipokea. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kutuma chochote. Kama wanataka maandishi peke yake, peleka maandishi peke yake, na michoro uihifadhi kwa ajili ya mazungumzo na mchapishaji, kwenye kifungu chake cha pili.