Fika kwa Mdhibiti Kabla Hujahitaji Saini Yake

Kwa miaka kadhaa kazi yangu katika taasisi moja ya utafiti wa afya hapa Tanzania imekuwa kufuatilia vibali, kazi ambayo wenzangu wa maabara huiona kuwa ya kubeba bahasha. Jaribio la dawa au chanjo hupita kwanza katika kamati ya maadili ya taasisi, kisha kamati ya kitaifa iliyo chini ya NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na pia Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA. Mtafiti wa kigeni huhitaji pia kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kila ofisi ina jambo lake: kamati za maadili humwangalia zaidi mshiriki, TMDA huangalia usalama na ubora wa dawa na namna takwimu zitakavyopatikana. Anayepeleka maelezo yale yale kila mahali, akibadilisha jina la mpokeaji tu, hurudishiwa maswali mengi, kisha hulalamika kwamba anawekewa vikwazo.

Ombeni kikao na mdhibiti kabla hamjawasilisha maombi. Katika kikao kimoja cha namna hiyo, afisa aliyetusikiliza kimya kwa karibu saa nzima aliuliza ni nani angesoma kipimajoto cha jokofu la chanjo siku ya Jumapili. Tulitazamana. Tulirudi tukapanga zamu na kuandika utaratibu, na maombi yalipofika mezani hoja hiyo haikuibuka tena.

Ukaribu huo una mpaka wake. Ada hulipwa serikalini kwa namba ya malipo, na afisa anayepitia maombi yenu hapewi posho wala lifti ya gari la mradi, hata kama mvua inanyesha na nyote mnaelekea njia moja. Najua hilo husikika kama ukali usio na sababu.

Ugumu wenyewe huja mnapokosea. Tuliwahi kugundua kwamba katika zahanati mojawapo wazazi kadhaa walikuwa wamesaini toleo la zamani la fomu ya ridhaa, ilhali toleo jipya, lililoeleza vizuri zaidi kiasi cha damu ambacho mtoto angetolewa, lilikuwa limeshaidhinishwa. Nakala za zamani zilibaki kwenye droo ya muuguzi, na aliyepaswa kuziondoa ni mimi. Baadhi yetu walitaka tusahihishe kimyakimya na kulitaja jambo hilo katika taarifa ya maendeleo, ambayo NIMR huitaka kila baada ya miezi 6. Nilipinga. Wiki ile ile tuliandika barua kwa kamati na kwa TMDA, tukieleza kilichotokea, jinsi tulivyowarudia wazazi nyumba kwa nyumba kuwaeleza upya, na kwamba yeyote asiyeridhia angejitoa bila mtoto wake kukosa matibabu. Barua pepe tulituma pia, lakini nakala yenye muhuri wa masijala ndiyo niliyoiweka kwenye jalada.

Mkaguzi alipokuja miezi kadhaa baadaye, alianza na jalada hilo. Alilinganisha tarehe za fomu na tarehe ya muhuri, ukurasa kwa ukurasa, bila kusema neno, akalifunga. Kisha akaomba apelekwe zahanati, akaonyeshwe droo yenyewe.