Bastola chini ya kanzu

Ijumaa moja, miaka ishirini na kitu nyuma, nilikuwa safu ya pili msikitini, mtaa wa Shella hapa Malindi. Tukasujudu. Nyuma yangu alikuwa mtoto wa miaka sita hivi, kaja na babuye. Imamu alipomaliza salamu tu, mtoto akanigusa mgongo. "Babu, una nini hapo kiunoni?" Nikamwambia simu. Akaitazama tena ile nundu kwenye kanzu, akasema kwa sauti ya kufika mihrabuni: "Simu gani kubwa hivyo?"

Watu wakacheka. Babuye hakucheka. Alinitazama, akamshika mtoto mkono wakatoka. Mimi nilibaki nimekaa pale, nimesema uongo ndani ya nyumba ya Mungu kwa ajili ya kuficha kitu ambacho mtoto wa miaka sita alishakiona.

Nakumbuka haya kila anapokuja kijana hapa dukani, mara nyingi mwenye biashara iliyoanza kushika, akainama juu ya kaunta kama anayetaka mkopo: "Mzee, na mimi nataka yangu. Nianzie wapi?" Wengi wanataka kujua aina na bei. Hayo muuzaji atakwambia, tena kwa furaha. Mimi nina ya kusema kuhusu kuishi na bastola, maana nimeibeba tangu 1996.

Kwetu bunduki haikuwa kitu kigeni. Marehemu baba alikuwa na shamba upande wa Sabaki, na ghalani alikuwa na bunduki ya marisau, mitutu miwili, ya nguruwe mwitu na nyani. Kijiji kizima kilijua anayo. Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku uwindaji nchi nzima, mwaka 1977, mimi nilikuwa kijana wa miaka 21, na baba akaanza kuiona mzigo. Baadaye aliikunja ndani ya mkeka akaipeleka polisi mwenyewe. Ile ilikuwa zana ya shamba pamoja na jembe na panga. Hii ya kwangu ya milimita tisa haimhusu nguruwe. Imetengenezwa kwa ajili ya binadamu, na ukishalijua hilo unaibeba kwa namna nyingine.

Sheria nitaipita haraka, ila msijidanganye kwamba ni haki yenu. Mpwa wangu anaishi Columbus, Ohio. Huko tangu Juni 2022 mtu wa miaka 21 kwenda juu, asiye na kizuizi cha kisheria, anabeba bastola iliyofichwa bila leseni. Katiba ya Marekani ina kipengele cha silaha tangu 1791, na yeye hunipigia simu kunicheka kwa makaratasi yangu. Ya kwetu haina kipengele hicho. Hapa kuna Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, na unachopewa ni ruhusa: cheti chenye kuhuishwa kila mwaka, na aliyekupa ana uwezo wa kukunyang'anya. Desemba 2017 bodi ya leseni ilivunjwa, na mwaka uliofuata wenye silaha tukaitwa tuhakikiwe upya. Nilikwenda Nairobi kwa basi la usiku, nimekaa dirishani, mkono juu ya kiuno tangu Malindi hadi Nairobi. Abiria wa pembeni alidhani naumwa na figo. Alinipa maji ya tangawizi.

Sasa tuje kwenye mavazi, maana hapa ndipo watu wa pwani tunapata taabu ambayo hao wa kwenye filamu hawaijui. Wao wana makoti. Nani anavaa koti Malindi mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma moto? Kanzu inaficha ukiwa umesimama, lakini ukiinama kila kitu kinajichora. Na ukitaka kuitoa, lazima upandishe kanzu yote kwa mikono miwili kama mtu anayevuka dimbwi. Kikoi ndiyo usiseme. Hakibebi hata funguo za duka. Nilichokiona kinafaa ni shati la nje ya suruali, pana kidogo, mkanda mgumu, na ala ngumu, yaani mfuko wa bastola, inayofunika kifyatulio chote. Ala laini inayokunjika ukishachomoa bastola itakuumiza siku unayoirudisha kwa haraka. Mfukoni pamoja na sarafu na funguo, usithubutu.

Na chumvi. Nilipoipata bastola niliiweka mwezi mzima kwenye ala yake ya ngozi, nikidhani naitunza. Nilipoitoa, upande uliolala kwenye ngozi ulikuwa na vidoa vya kutu mfano wa madoa ya embe lililoanza kuoza. Ngozi inanywa jasho, inanywa hewa ya bahari, halafu inakaa inakilisha chuma. Tangu hapo kila usiku naifuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, na haikai sefuni ikiwa ndani ya ala. Risasi nazo zina lake. Kama una tabia ya kuingiza risasi chemba, pale nyuma ya mtutu inapokaa tayari kufyatuliwa, asubuhi na kuitoa usiku, usirudie ile ile kila siku. Kila ikigongwa kuingia, kichwa chake kinasukumwa kidogo ndani ya ganda, na msukumo wa baruti unapanda kupita kiasi. Mimi siweki risasi chemba kabisa. Mwalimu mmoja wa shabaha, kijana hodari, aliniambia nitakufa nikikoki, yaani nikivuta chuma ya juu ili risasi iingie chemba. Huenda. Lakini nimeishi na wajukuu, na boda boda, na ngazi za duka, miaka yote hii, na haijawahi kulia pasipotakiwa.

Mnaniuliza, je, imenifaa? Mwaka 2009, magharibi inakaribia, nilikuwa napima misumari. Wakaingia vijana wawili, mmoja na panga chini ya shuka. Bastola ilikuwa kiunoni, chini ya kanzu. Panga lilikuwa hatua moja na nusu kutoka shingoni mwangu. Kupandisha kanzu, kuchomoa, kukoki, kulenga: hesabu mwenyewe. Nilifungua droo nikawapa shilingi elfu arobaini na tatu, na nikaomba Mungu wasinipekue. Maana elfu arobaini na tatu ilikuwa mshahara wao wa jioni ile, lakini wangegusa kile chuma wangeona wameokota almasi, na mwenye almasi haachwi aende kusema. Wakaondoka. Niliketi kwenye gunia la saruji mpaka muadhini akamaliza.

Watu wakisikia kisa hiki husema, basi ungewafuata nje ukawapiga. Kwa nini? Walishanipa mgongo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 17, inapima kujihami kwa misingi ya sheria ya Kiingereza, na swali kuu la hakimu ni lile lile: hatari ilikuwepo wakati ule, na nguvu uliyotumia ililingana nayo? Mtu anayekimbia na pesa zako anaiba pesa. Shingo yako ameshaiacha.

Baada ya shambulio la Mpeketoni, kule Lamu, Juni 2014, zaidi ya watu sitini walipouawa, nilipigiwa simu na jamaa zangu wa Lamu, wanataka silaha wote hata fundi wa jahazi. Niliwaelewa. Nilikuwa na hofu kama wao. Lakini bastola yenye risasi kumi na kitu, mkononi mwa mtu aliyefyatua mara mbili maishani, mbele ya kundi lenye bunduki za kivita usiku? Niliwaambia waweke pesa kwenye simu yenye chaji na gari lenye mafuta. Mmoja alinikasirikia, hatujazungumza vizuri mpaka leo.

Kisa chenyewe nilichotaka kuwaambia ni hiki, na sikukimwambia mtu kwa muda mrefu. Karibu na soko la zamani, saa sita mchana, tuktuk ilinigonga kioo cha pembeni cha gari. Nikashuka. Dereva kijana, umri wa mwanangu wa mwisho, badala ya samahani akaniambia, "Mzee, hata kuona huoni, nani alikupa gari?" Watu wakajaa. Akaendelea, akamtaja mamangu. Nikawa namjibu, naye ananijibu, na katikati ya maneno nikahisi kitu kigumu kwenye kiganja. Mkono wangu ulikuwa umeshapita chini ya shati na kushika mpini. Mimi sikuuagiza. Ulikwenda peke yake, kama mkono unavyokwenda kwenye mfuko kutafuta miwani.

Hakuna aliyeona. Nilitoa mkono polepole, nikamwambia yule kijana, "Nisamehe, mwanangu, kosa langu." Kosa halikuwa langu! Kioo kilivunjika, elfu tatu na mia tano. Watu wakazomea. Yule kijana akaondoka akipiga honi ya ushindi, na pale barazani kwetu nilitaniwa miezi miwili kwamba nimezeeka.

Tangu siku ile nina sharti moja na nafsi yangu: siku niliyoibeba, nimeshashindwa mabishano yote. Ya mpira, ya siasa, ya mpaka wa shamba, ya nani kaanza kuweka gari. Akinitukana mtu, nasema ahsante. Mkutano wa familia wenye urithi ndani yake, bastola inabaki nyumbani. Kijana anayekuja kuniuliza namna ya kupata cheti, mimi humuuliza kwanza mara ya mwisho alipotukanwa mbele ya watu alifanya nini. Wengi hujibu kwa fahari. Hao huwaambia wanunue mlango wa chuma na taa ya nje.

Msikitini siingii nayo tena. Kuna hadithi inayojulikana, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamrisha kwamba apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike ncha zake asije akamdhuru Muislamu. Mimi nimeona kuishika ncha ya bastola ni kuiacha sefuni. Siachi kwenye gari. Gari likivunjwa, mwizi wa redio anageuka jambazi mbele ya macho yako. Sefu yangu imefungwa kwa bolti ukutani, chumba cha kulala, na namba naijua mimi peke yangu. Mke wangu anajua jambo moja tu: nikifa, aite kituo cha polisi kabla hata ya kumwita mtu wa sanda, na asiruhusu mtoto yeyote "aangalie tu".

Mwaka jana nilikwenda kulenga shabaha. Kukoki kulinishinda mara mbili. Vidole vya mkono wa kulia vimeanza kuuma asubuhi, na ile chuma ya juu ina springi kali. Mara ya tatu ikakubali, na risasi tano zikapiga karatasi, moja kwenye fremu ya mbao. Mwalimu hakusema neno. Alinisaidia kuokota maganda.

Cheti changu kinamalizika baada ya miezi minne. Mke wangu hajaniuliza chochote kuhusu kukihuisha. Ila juzi, akikunja nguo, aliniuliza kama sefu ile ikiwa tupu inaweza kutosha hati za shamba la Sabaki pamoja na dhahabu zake, au itabidi tununue kubwa zaidi.