Kabla ya kupandisha makala, kisome tena kichwa cha faili

"Mwanangu, ile habari yangu ya mkonge mbona siioni?"

Ilikuwa saa nne asubuhi, na aliyepiga simu ni mzee jirani yangu hapa Ngamiani, Tanga. Miaka mingi ya ujana wake ilipita kwenye mashamba ya mkonge. Nilikuwa nimeandika makala inayoanzia 1893, Richard Hindorf alipoleta miche ya kwanza pwani hii, na kuishia kwa mzee mwenyewe. Mjukuu wake aliyeko Dar es Salaam alikuwa anaitafuta tangu asubuhi. "Shikamoo babu. Ipo, nimeipandisha saa mbili," nilimjibu kwa uhakika wote. Nikafungua simu kutazama, haikuwepo.

Kumbukumbu hizi naziweka kwenye tovuti tuli, yaani tovuti isiyo na hifadhidata. Kila makala ni faili moja la maandishi matupu, na naweza kuliandika bila intaneti. Programu ya Jekyll huyageuza mafaili yote kuwa kurasa za HTML, kisha kazi ya seva ni kumpa msomaji ukurasa ambao tayari umeshapikwa. Kurasa zinakuwa nyepesi, hazimli mtu bando, nami naipenda kazi hii kwa sababu hiyo hasa. Ila tovuti ya namna hii haijiamshi. Ukishaijenga, inabaki vilevile mpaka uijenge tena.

Juu ya kila faili kuna mistari michache iliyozungushiwa vistari vitatu juu na vitatu chini: jina la makala, tarehe, kundi. Hicho ndicho kichwa cha faili. Kwenye tarehe nilikuwa nimeandika 08:00 bila kusema ni saa za wapi. Seva ikazichukua kuwa za UTC, yaani saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 3, kwa hiyo kwa hesabu yake makala ilikuwa ya saa tano asubuhi ya Tanga. Jekyll ikikuta tarehe ya mbele huiruka makala, na kwenye tovuti huoni dalili yoyote ya kosa. Hata saa tano ingefika isingejitokeza, maana hakuna aliyeijenga tovuti upya. Siku hizi kila tarehe yangu inaishia na +0300, yaani saa 3 mbele ya UTC. Nawe iweke kila mara. Na kwa kuwa sisi tunahesabu saa zetu kuanzia alfajiri, kumbuka saa mbili asubuhi huandikwa 08 na saa mbili usiku 20.

Tarehe hiyo ni ya kuchapisha, si ya tukio. Makala yangu ya vita vya Tanga, vile ambavyo nyuki waliwatimua askari, niliipa tarehe 1914-11-04. Programu ikanitii, ikaitupa chini kabisa ya orodha, na wiki nzima hakuna aliyeifikia.

Jina la makala nalo lizungushie alama za kunukuu. Ukiandika Tanga: mji wa mkonge bila alama hizo, ile nukta pacha inavuruga usomaji wa kichwa chote. Tumia alama zile mbilimbili, kwa sababu moja moja zitagongana na ng' ya ng'ombe na ng'ambo.

Jambo lililoniuma kuliko yote ni anwani. Kwa kawaida Jekyll huijenga anwani ya ukurasa kutokana na kundi, tarehe na jina la faili. Siku moja nilipanga upya makundi, nikahamisha makala kadhaa kutoka "historia" kwenda "mkonge", nikaona nimefanya usafi mzuri. Kumbe nimekata kila kiungo ambacho watu walishatumiana kwenye WhatsApp. Watu wa Tanga walio ng'ambo waliokihifadhi kiungo ili wawasomee watoto wao walikutana na ukurasa mtupu. Kwa hiyo ipe makala anwani yake kwa mkono tangu siku ya kwanza, kwa mstari wa permalink, fupi na isiyo na tarehe. Kama umeshakosea, washa kiongezi cha jekyll-redirect-from, kisha ongeza mstari wa redirect_from wenye anwani ya zamani, ili msomaji afikishwe mahali papya.

Picha zipunguze kabla ya kuziweka. Picha ya simu ya MB 4 inakula faida yote ya ukurasa mwepesi. Makala ambayo haijaiva ikae kwenye folda ya _drafts, isichanganyike na zilizokamilika.

Asubuhi ile nilisahihisha saa, nikajenga upya, nikampigia mzee. Jioni akanipigia yeye. Alikuwa ameshasomewa yote. "Umeandika mashine ya kusindika," akasema. "Sisi pale tuliita korona. Andika korona." Nikafungua faili lilelile, nikabadili neno hilo moja, nikaiacha tarehe ilivyo na anwani ilivyo, nikapandisha.