Kahawa baridi ya zabibu: namna ninavyoitengeneza nyumbani hapa Dodoma

Ndugu uliyeuliza namna ya kutengeneza kahawa baridi yenye ladha ya matunda bila mashine, na kueleza kwamba maziwa yalikatika ulipochanganya kahawa ya maziwa na juisi ya pasheni, nianze na hilo la maziwa. Pasheni, ukwaju na ubuyu vina asidi nyingi, na asidi inapozidi, protini ya maziwa hushikana na kuwa mabonge, wala kuongeza sukari hakusaidii. Ukitaka tunda chachu, acha maziwa kabisa. Ukiyataka maziwa, tumia embe lililoiva vizuri.

Mimi nimechagua zabibu, kwa kuwa ndilo tunda la mkoa wetu na linapatana na kahawa kuliko mengine yote niliyoyajaribu. Huvunwa mara mbili kwa mwaka, karibu Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, na katika miezi hiyo zabibu za Mpunguzi na Hombolo hufika mjini zikiwa bado na ule ungaunga mweupe juu ya ganda. Chagua nyeusi zenye ukakasi kidogo, kwa sababu rangi na sehemu kubwa ya harufu vimo kwenye ganda. Za kijani huongeza utamu tu.

Nusu kilo ya zabibu huoshwa vizuri kwa maji mengi, maana mashamba hupuliziwa dawa, kisha hutolewa vikonyo na kuwekwa kwenye sufuria pamoja na gramu 150 za sukari na nusu kikombe cha maji. Moto uwe mdogo. Baada ya dakika kumi na tano hivi maganda hupasuka na maji hugeuka kutoka wekundu hafifu kuwa zambarau nzito. Hapo epua, uponde taratibu kwa mwiko na kuchuja. Usitumie blenda, kwa kuwa mbegu zikisagika hutoa uchungu mkavu unaobaki ulimini. Kamulia nusu ndimu, onja, uache shira ipoe. Ikitiririka kijikoni polepole kama ile ya kalimati imezidi uzito. Iongezee maji kidogo.

Kwa upande wa kahawa, tafuta arabika ya Kilimanjaro, Mbinga au Mbozi iliyokaangwa kwa wastani, kwa maana kahawa iliyokaangwa mpaka ikatoa mafuta ina uchungu wa moshi unaolifunika tunda. Isagwe chengachenga, na kinu cha kawaida kinatosha. Loweka gramu 100 katika mililita 800 za maji baridi, koroga, funika na uweke kwenye friji kwa saa 14 hadi 16. Maji baridi huvuta uchungu mdogo kuliko ya moto, na hiyo ndiyo sababu kahawa ya kulowekwa hukubali matunda kwa urahisi. Chuja kwa kitambaa safi cha pamba bila kukikamua, kwa sababu ukikamua utapitisha tope. Kahawa ya kuyeyuka kama Africafe inafaa ukiwa na haraka, ila ladha ya zabibu haitajitokeza vilevile.

Jambo ambalo watu wengi hulipuuza ni maji. Visima vingi vya huku kwetu vina maji ya chumvichumvi, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, na madini hayo huupooza uchachu wa kahawa ambao ndio unaopaswa kukutana na zabibu. Ukiyachemsha, ukoko hupungua lakini chumvi haiondoki. Kwa kinywaji hiki mimi hununua maji ya chupa, kwa kulowekea na kwa barafu pia, na naona gharama hiyo inastahili kabisa.

Wakati wa kuandaa, weka vijiko vitatu vya shira kwenye glasi, jaza barafu, kisha mimina mililita 100 za kahawa na kiasi hichohicho cha maji baridi au maji ya soda. Shira ni nzito, hivyo hutuama chini. Koroga kabla ya kunywa. Barafu ikiyeyuka itazimua kinywaji, na kwa joto la Oktoba huyeyuka upesi sana, kwa hiyo mimi hugandisha sehemu ya kahawa yenyewe kwenye trei na kuitumia badala ya barafu ya maji.

Msimu wa zabibu ukipita, ubuyu ndio mbadala wangu: kijiko kimoja cha unga wake mweupe, ule usiotiwa rangi, huvurugwa katika maji ya vuguvugu, huchujwa na kuchanganywa na shira ya sukari tupu. Utapata kinywaji kizito zaidi, chenye uchachu wa wazi. Shira ya zabibu hukaa kwenye friji wiki moja ndani ya chupa iliyochemshwa, na kahawa iliyochujwa itumike ndani ya siku nne.