Kurasa za kitabu cha picha kuchomoka

Ndugu, unauliza kama mashine ya kubandika ndiyo inayofanya kurasa za kitabu chako cha picha zichomoke. Kosa si mashine: karatasi yako inayong'aa imepakwa tabaka laini juu, kwa hiyo gundi ya moto (inayoyeyushwa kwa joto) inabaki juu tu, haiingii ndani. Kabla ya kubandika, kwaruza mgongo wa kitabu kwa msasa, kisha kata mikato midogo yenye kina cha milimita 1 kila baada ya sentimita 1. Paka kola (gundi) nyeupe mara mbili, acha chini ya uzito usiku mzima. Mvua za Bukavu zikianza, ongeza siku moja, maana kola hukawia kukauka. Chagua kola inayobaki laini ikikauka, kwa sababu kola ya maseremala huwa ngumu na kupasuka. Na nyuzi za karatasi, yaani mwelekeo wa nyuzinyuzi zilizo ndani yake, zifuate mgongo. Kuzijua: kunja kipande huku na huku, mkunjo mwepesi ndio unaofuata nyuzi. Zikipita kinyume, hata kola nzuri itaachia.