Jibu: Mkono wa roboti au magurudumu kwanza?

Mwalimu, umeuliza kama wanafunzi wako wanaoingia FIRST Tech Challenge (mashindano ya roboti ya wanafunzi) kwa mara ya kwanza waanze na mkono wa roboti au na magurudumu. Magurudumu kwanza, bila kusita. Mechi ni dakika mbili na nusu: sekunde 30 za mwanzo roboti inajiendesha yenyewe kwa programu, kisha madereva wanaishika kwa dakika mbili. Roboti isiyokwenda inakoelekezwa haipati pointi, hata iwe na mkono mzuri namna gani.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni nyaya. Roboti zinagongana sana uwanjani, na plagi ya betri ikilegea kidogo tu, roboti inazimika katikati ya mechi. Wafunge kila waya kwa vibano vya plastiki, kisha wauvute kwa mkono waone kama unacheza. Ukubwa nao wapime mapema: mechi inapoanza, roboti lazima iwe inaenea ndani ya boksi la inchi 18 kila upande.

Halafu wasijifungie kwenye meza yao siku nzima! Mnacheza timu mbili dhidi ya mbili, na kwenye mtoano manahodha wa timu zinazoongoza ndio wanaochagua timu za kucheza nazo upande mmoja. Wapite kwa wenzao, waeleze roboti yao inaweza kufanya nini.