Fundi, tochi yangu ina nini? Maswali yenu kuhusu tochi za kuagiza mtandaoni

Maswali ya tochi yamekuwa mengi. Yanayofanana nimeyaunganisha, na ya wanaotaka niwatajie kampuni nimeyaweka kando. Ninachokijua mimi ni kilichomo ndani ya tochi, si nembo iliyobandikwa nje.

Fundi, nimeona tochi mtandaoni imeandikwa lumeni 100,000. Nyingine, ambayo ni ghali zaidi, ina lumeni 1,200 tu. Kwa nini niiache yenye mwanga mwingi?

Kwa sababu hizo 100,000 hazipo. Huhitaji mashine ya kupimia, kalamu inatosha. Tochi nzuri ya LED, ukishatoa umeme unaopotea njiani, hutoa takribani lumeni 100 kwa kila wati moja. Lumeni 100,000 basi zinadai wati 1,000, yaani umeme wa pasi ya nguo. Betri moja ya 18650, ambayo ndiyo huwa ndani ya tochi hizo, ina volti 3.6. Ili itoe wati 1,000 ingelazimika kusukuma zaidi ya ampea 270. Zilizo bora kabisa za aina hiyo husukuma 20 hadi 30, tena si kwa muda mrefu.

Sasa igeuze hesabu upande wa pili. 18650 maana yake ni upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Katika mwili huo, betri nzuri hubeba miliampea-saa 3,500 hivi. Zidisha kwa volti 3.6 unapata wati-saa 12.6. Huo ndio mtaji wote. Unaweza kuutumia kwa lumeni 1,000 kwa muda wa saa moja na robo, au lumeni 100 kwa saa kumi na mbili hivi. Muuzaji anaweza kuugawa apendavyo ila kuuongeza hawezi. Kwa hiyo ukisoma "lumeni 10,000 kwa saa kumi" kwenye tochi yenye betri moja, funga ukurasa uendelee na mambo mengine.

Na betri yenyewe ikiwa imeandikwa miliampea-saa 9,900, huo nao ni uongo. Iweke kwenye mizani ndogo: 18650 halisi huwa na gramu 45 hadi 50. Nyingi za kughushi ni nyepesi kwa sababu ndani yake kuna nafasi tupu au kibetri kidogo kilichovishwa ganda kubwa.

Mimi ninaposoma tangazo la tochi, lumeni huwa nazitazama mwisho. Kwanza natafuta aina ya betri. Tangazo lisiloitaja silisomi zaidi. Kisha naangalia kama betri inatoka kwa mkono, bila kuvunja wala kutumia bisibisi. Tochi yenye betri iliyofungiwa ndani huisha siku betri ilipochoka, hata kama sehemu nyingine zote ni nzima, na betri ndiyo huchoka mapema kuliko LED. Kwangu hilo lina uzito kuliko lumeni 500 za ziada.

Mimi ni mlinzi wa usiku. Nataka kuona mtu aliye mwisho wa uzio, mbali. Ninunue lumeni ngapi?

Lumeni hazitakujibu. Zinahesabu mwanga wote unaotoka, bila kujali unaelekea wapi. Wewe unahitaji kandela, kipimo cha ukali wa mwale pale katikati. Tochi mbili zenye lumeni 1,000 kila moja zinaweza kutofautiana kabisa: moja inamwaga mwanga uwanja mzima na kuishia karibu, nyingine inatoboa giza mpaka mbali.

Tafuta kwenye tangazo alama ya ANSI FL 1, kiwango cha Marekani cha kupima tochi. Kiwango hicho huhesabu umbali wa mwale mpaka pale mwanga unapobaki luksi 0.25, ambao ni kama ule wa mbalamwezi angavu. Hesabu yake ni rahisi: chukua kipeuo cha pili cha kandela (namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata hizo kandela), zidisha kwa mbili. Kandela 10,000 hukupa mita 200, na kandela 40,000 hukupa mita 400. Angalia hapo: umbali umeongezeka mara mbili tu ilhali ukali umeongezeka mara nne. Tena mbalamwezi hukuonyesha kwamba kuna mtu, haikuonyeshi ni nani. Kama unataka kutambua sura, chukua nusu ya umbali ulioandikwa, au hata theluthi.

Kwa hiyo, kaka, tafuta tochi yenye kiakisi kipana na kirefu, yaani ile bakuli ya kung'aa inayozunguka LED. Tochi ndogo ya mfukoni haina nafasi ya kiakisi hicho.

Nimeagiza tochi, imefika bila betri. Mwenzangu yake ilikuja na betri lakini haikuwa imejaa. Tumeibiwa?

Huenda hamkuibiwa, ila rudini kwenye tangazo msome kama liliahidi betri. Betri za lithiamu zina masharti makali ya usafiri wa anga. Tangu Aprili 2016, betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake kama mzigo haziruhusiwi kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo hazitakiwi kuzidi asilimia 30 ya chaji. Zikiwa ndani ya kifaa chake au zimefungashwa pamoja nacho, sheria ni nyingine. Ndiyo maana wauzaji wengi hutuma tochi tupu, au hutuma betri yenye chaji kidogo.

Ukinunua betri mwenyewe, tazama urefu. Zenye kinga, yaani zile zilizobandikwa kisahani cha kuzuia shoti na kuisha kupita kiasi, hufika milimita 68 hadi 70 badala ya 65. Kuna tochi zisizozimeza. Tazama pia kichwa: tochi nyingine zinataka betri yenye chuchu upande wa chanya, na ukiweka yenye kichwa bapa haziwaki kabisa.

Tochi yangu ina tundu la USB-C lakini kebo ya simu, ya C pande zote mbili, haiichaji. Imekufa?

Haijafa. Mtengenezaji amebania vijirezista viwili, yaani vipande vidogo vya kupunguza umeme. Chaja ya C haitoi umeme mpaka isikie rezista za kiloomu 5.1 upande wa kifaa, na tochi nyingi za bei nafuu hazina. Tumia kebo yenye ule mdomo mpana wa zamani upande wa chaja na C upande wa tochi. Itachaji.

Nikiwasha kwa nguvu zote, baada ya dakika chache mwanga unapungua. Niirudishe dukani?

Hapana. Imejipunguza yenyewe ili isiungue. Sehemu kubwa ya umeme unaoingia kwenye LED hugeuka joto, na tochi ya kiganjani haina pa kulitupa isipokuwa kwenye ganda lake na mkono wako. Kiwango cha FL 1 chenyewe hupima lumeni kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha, kwa hiyo lumeni za kwenye boksi ni za mwanzo wa safari. Muda wa kuwaka nao huhesabiwa mpaka mwanga utakapobaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Katika "saa sita" zilizoandikwa, nyingi huwa ni za mwanga mdogo. Wauzaji waaminifu huweka mchoro unaoonyesha mwanga unavyoshuka, usipouona, uombe.

Kinachotakiwa kurudishwa dukani ni tochi inayopata moto mkali ukiwa umeiweka kwenye mwanga mdogo. Hiyo ina shida.

Shikamoo fundi. Tochi yangu inachezacheza, nikiigonga inawaka, nikitembea inazima. Watoto wanasema ninunue mpya.

Marahaba, mama. Usinunue kwanza. LED yenyewe hufa kwa nadra, huweza kuwaka makumi ya maelfu ya saa. Tochi inayoitikia kugongwa ina tatizo la mguso, na mara nyingi litaisha kwa kitambaa.

Toa betri. Umeme wa tochi ya chuma hupita kwenye ganda: kutoka mkia wa betri, kwenye springi, kwenye mfuniko, kisha kwenye ukingo wa bomba ambapo rangi imeondolewa na alumini iko wazi. Ukingo huo ukishika uchafu mweusi, umeme unakwama. Chukua kitambaa kisichoacha nyuzinyuzi, kiloweshe spiriti, ufute ukingo, hesi za mfuniko, springi na ncha zote mbili za betri. Tumia pamba ya masikio kufikia ndani. Subiri ikauke, rudisha, jaribu.

Ikiendelea, tazama ndani ya mfuniko wa nyuma. Utaona pete yenye vitundu viwili vidogo. Ndiyo inayoshikilia swichi, na hulegea kwa kutikiswa. Ikaze kwa koleo lenye mdomo mwembamba au ncha za mkasi mdogo, taratibu, usichubue. Katika tochi nyingi zinazoletwa kwangu zikiwa "zimeharibika", pete hii ndiyo mkosaji, na kazi yenyewe ni fupi mno kiasi kwamba naona haya kudai malipo.

Bado? Basi tenganisha mkosaji. Weka betri, acha mfuniko wa nyuma nje. Chukua kipande kifupi cha waya, gusisha ncha moja kwenye mkia wa betri na nyingine kwenye ukingo wazi wa bomba. Ni mguso wa sekunde moja tu, kwa sababu tochi yenye nguvu itaupasha waya moto. Ikiwaka vizuri, kichwa ni kizima, mbovu ni swichi iliyo mkiani. Agiza mfuniko au swichi yenye kipimo kilekile. Isipowaka na betri ni nzima, tatizo liko kichwani, na hapo ndipo watoto wanaweza kuwa na hoja, maana vichwa vingi vimegandishwa kwa gundi.

Springi iliyolala pia huleta mchezo huohuo. Ivute kidogo juu. Usiikunje.

Betri za kawaida zimevuja ndani ya tochi, kuna unga mweupe na betri imekwama.

Kama ni za alkalaini, huo ni mabaki ya hidroksidi ya potasiamu, na huunguza ngozi. Vaa glavu, linda macho. Dondoshea siki au maji ya limau, acha itokote mpaka itulie, futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha spiriti, kausha kabisa. Siki haifai kwa betri za zamani za zinki na kaboni, kwa sababu uchafu wake wenyewe ni wa tindikali.

Betri iliyokwama usiitoboe wala usiichome moto. Kama bomba linafunguka pande zote mbili, isukume kwa kijiti upande wa pili. Kama linafunguka upande mmoja tu na betri imevimba, mara nyingi bomba haliponi. Alama za kijani zilizobaki kwenye springi zisugue kwa kifutio cha penseli.

Tochi ya dharura inayokaa miezi bila kuguswa usiiache na alkalaini ndani. Ama toa betri uzifunge pembeni yake, ama weka zile za lithiamu zisizochajiwa za volti 1.5, ambazo huvuja kwa nadra na hukaa miaka mingi.

Naweza kupaka mafuta ya mgando kwenye ule mpira wa kuzuia maji?

Paka grisi ya silikoni, kidogo tu, mpira ung'ae bila kuacha rundo. Mafuta ya mgando ni zao la mafuta ghafi na huvimbisha aina fulani za mpira. Kwa kuwa tangazo halikuambii mpira wako ni wa aina gani, kwa nini ubahatishe? Mpira uliokatika au kukauka ubadilishe. Bila huo, maandishi ya IPX7, yaani kustahimili maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30, hayana maana.

Tochi ilijiwasha ndani ya begi ikatoboa nguo kwa joto. Nifanyeje?

Legeza mfuniko wa nyuma robo mzunguko kabla ya kuiweka begini. Katika tochi nyingi hesi zimepakwa tabaka lisilopitisha umeme, hivyo ukilegeza tu njia inakatika. Jaribu nyumbani kwanza: legeza, bonyeza swichi. Ikiwaka, yako si ya aina hiyo. Toa betri, uiweke kwenye kikasha cha plastiki. Isikae huru pamoja na funguo na sarafu, kwa sababu ganda lote la betri ya lithiamu ni hasi, na ngozi yake ya plastiki ikichanika karibu na kichwa, ufunguo mmoja unatosha kuleta shoti. Iliyochanika ivishe ngozi mpya ya kubana kwa joto, au uipeleke kwenye sehemu ya kukusanyia betri chakavu, ncha zikiwa zimezibwa kwa utepe.

Betri ya 14500 inaingia vizuri kwenye tochi yangu ya AA. Niitumie?

Kuingia inaingia, kwa sababu 14500 ina umbo la AA, lakini ni ya lithiamu: ina volti 3.7 na tochi yako inatarajia 1.5. Kama karatasi ya tochi haikuitaja 14500 kwa jina, ukiiweka unaweza kuiunguza siku hiyohiyo.